Kicheko cha Kifuniko

Mama Mashine aliitupia picha jicho mara moja tu, akaigeuza kifudifudi juu ya kioo cha kaunta, akaifunika kwa kiganja kama mtu anayemzuia mdudu asitoke.

"Huyu si mwanangu," alisema.

Kwa kawaida sauti yake ilifika mtaa wa tatu bila nauli. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka nyuma ya soko, na miaka ya kubishana na injini ilimsahaulisha kwamba duniani kuna sauti ya chini. Lakini siku hiyo ilinibidi nisogeze sikio. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na kwenye kope zake hapakuwa na unga. Sikuwahi kumwona bila unga kwenye kope. Alionekana kama mtu aliyevuliwa kitu.

Baba alikuwa nyuma ya kaunta. Mjini walimwita Fundi Picha, na kwa siku kadhaa alikuwa akiwakabidhi wazazi picha za watoto wao waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na neno la kumwambia. Neno la Mama Mashine hakuwa nalo. Akanigeukia mimi, binti yake wa darasa la sita, maarufu kwa jina la Kasuku, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu aote meno. Nikaangalia sakafu.

"Nipe nyingine," Mama Mashine alisema. "Yenye macho."

Nyingine haikuwepo.

*

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele palikuwa na kaunta, stuli ya kuzunguka na kitambaa kikubwa kilichochorwa ngazi zinazopanda kwenda kusikojulikana. Nyuma palikuwa na chumba cha giza, taa nyekundu, na mabeseni ya dawa ambazo harufu yake iliganda kwenye sare yangu ya shule hata ikifuliwa vipi. Baba alikuwa hodari wa mwanga. Watu ndio waliomshinda. Mtu angeingia anataniana na mwenzake, akishaketi kwenye ile stuli anakaza uso kama anayesubiri sindano. Baba akimwambia atabasamu kidogo, ndiyo anazidi kukauka.

Hapo ndipo nilipopata ajira. Nilisimama nyuma ya bega la baba na kuigiza watu. Mwalimu mkuu msaidizi anavyokohoa kabla ya kudanganya. Polisi wa njia panda anavyosimamisha gari ambalo halipo. Mbuzi wa mlinzi wa shule anavyokutazama ukimkuta anatafuna daftari lako, kana kwamba wewe ndiye mwizi. Anayepigwa picha angejitahidi, angejitahidi, halafu mashavu yangemsaliti, na baba angebonyeza hapo hapo. Wateja wetu wote walicheka kwenye picha, na mji ulidhani baba ana mkono wa bahati. Nilijua mkono ni wa nani, ila sikuwa mchoyo; nilimwachia sifa, nikabaki na kiburi.

Kipaji hicho hicho ndicho kilichonitoa kwenye kwaya ya shule.

Kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda mji mkuu kwa treni, kwenye mashindano ya shule za nchi nzima. Nilikuwa sauti ya kwanza, na bila kujisifu, nilikuwa naimba. Tatizo ni kwamba mwalimu wetu wa kwaya, mwanamke mpole aliyechomeka penseli kwenye nywele, alikuwa na tabia ya kufumba macho na kupanda juu ya vidole vya miguu kila tulipofika noti ya juu, na mimi nilipanda naye. Wenzangu walivunjika mbavu. Alinionya. Akanionya tena. Siku magauni yalipoletwa kutoka kwa fundi cherehani tukayavaa kujaribu, tukaimba, noti ya juu ikafika, na mimi nikapanda.

"Vua," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Hii si kwaya ya vichekesho."

Gauni lilikuwa limeshashonwa kwa vipimo vyangu na safari ilikuwa imekaribia. Mwalimu alizunguka madarasani amelishika sehemu ya mabega, akimwekea huyu na yule mwilini kama muuza nguo asiyeuza kitu. Likamtosha Kifuniko. Hakuchaguliwa kwa sauti. Sauti yake hakuna aliyeijua.

Tulimwita Kifuniko kwa sababu alifunika mdomo kwa kiganja kila alipozungumza, hata alipopiga miayo. Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika nusu. Alikuwa mtoto pekee wa Mama Mashine, na shuleni tulisema mama mtu amemaliza maneno yote ya nyumba ile, hakumbakizia mtoto hata moja. Utani huo niliuanzisha mimi. Alikaa dawati la mbele yangu, na kwa muda wote tuliosoma pamoja nilikuwa nimemwigizia kila kiumbe chenye miguu bila kuambulia hata tabasamu. Alikuwa aibu ya kazi yangu.

Kila mwanakwaya alihitaji kitambulisho chenye picha, kwa hiyo kwaya nzima ililetwa studio kwetu mchana mmoja, ikapanga foleni mpaka barazani. Baba alisema picha ya kitambulisho haichekwi. Mwalimu wa kwaya akamwomba awaache. Watoto wana hofu ya safari, wacheke kidogo. Basi nikaingia kazini. Nakubali nilikuwa nimenuna moyoni, maana wao wanakwenda na mimi nabaki na mabeseni ya dawa, lakini kinyongo kinanoa ulimi. Walicheka wote. Wa mwisho akawa Kifuniko, ndani ya gauni langu.

Baba alimwambia mikono chini. Akaishusha, akabana midomo mpaka ikapotea. Nikamtolea mwalimu mkuu msaidizi, hakuna kitu. Polisi, hakuna kitu. Mbuzi, mbuzi ambaye hajawahi kuniangusha, hakuna kitu. Baba akasema basi, mwache mtoto wa watu, napiga hivyo hivyo.

Hapo nikamtoa mama yake.

Nilimtoa Mama Mashine anaponong'ona siri. Hakuna mtu mjini ambaye hakuwahi kuisikia siri ya Mama Mashine. Hata waliokuwa ng'ambo ya barabara waliipata. Nilijifuta kope kwa mgongo wa mkono, nikapuliza unga usiokuwepo kwenye mizani isiyokuwepo, nikaweka kiganja kando ya mdomo, nikasema kwa sauti iliyotikisa kioo cha kaunta: "Nakwambia wewe tu, usimwambie mtu."

Kifuniko alinitazama. Kitu kilianzia tumboni mwake, kikapanda. Mkono ulitaka kuinuka, akakumbuka ameambiwa mikono chini, na kikatoka chote: mdomo wazi, jino nusu, kichwa nyuma, macho yamefumba kabisa kama mtu anayenawa uso. Baba akabonyeza. Mkanda wa filamu ukaishia hapo.

Nilijiona bingwa wa dunia. Hata ile safari nikaisamehe.

*

Daraja lilikatika treni ikiwa juu yake. Nimejaribu kutafuta namna nyingine ya kulisema, sijaipata.

Tulikuwa darasani tunafanya hesabu. Redio ya mwalimu mkuu ilisikika kutoka ofisini, halafu ikazimwa, halafu walimu wakaanza kupita kwenye korido kwa ule mwendo wa mtu anayetaka kukimbia na anajikataza. Treni ilikuwa imebeba watoto wa shule nyingi, kutoka miji mingi. Kufika jioni nchi nzima ilikuwa imeketi kando ya redio. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, mechi zikafutwa, muziki ukawa wa taratibu tu, kama vile redio zote zinaishiwa betri. Shule ikafungwa.

Mama alinishika mabega akaniambia nimshukuru Mungu. Jirani akaja kusema hivyo hivyo. Shangazi alisafiri kutoka mbali kuja kusema hivyo hivyo, akanikagua kutoka utosini mpaka kwenye kucha za miguu, akahakikisha niko kamili. Walikuwa wananipenda, najua. Lakini kila waliponitazama hivyo nilijihisi kama mtu aliyepita kwenye mlango wa mwenzake. Kile kiti kwenye treni kilikuwa na vipimo vyangu.

Majeneza yalirudi yamefungwa, na wazazi hawakuruhusiwa kuyafungua. Kwa hiyo walikuja kwetu kutafuta nyuso. Baba alikuwa bado na ule mkanda. Alishinda chumba cha giza akisafisha picha na kuzikuza, mimi nikizitundika kwa vibanio kwenye kamba. Kamba nzima ya watoto wanaocheka, wakidondosha maji. Nilijua kila mmoja anacheka nini. Huyu alicheka kikohozi. Yule alicheka polisi. Yule mwenye masikio makubwa alimcheka bibi yake mwenyewe, na bibi yake mwenyewe ndiye aliyekuja kuichukua. Aliikumbatia kifuani, akaniambia, unaona mjukuu wangu alivyokuwa na furaha. Nikasema naona, bibi.

Magazeti yakaziomba, yakazichapa ukurasa mzima. Kiongozi mmoja mkubwa akazungumza redioni kuhusu tabasamu la malaika wetu wadogo, waliokuwa njiani kwenda kuliimbia taifa. Mtangazaji alipokea maikrofoni analia. Mimi nilikuwa nimejificha chini ya kaunta, nikiwaza: si malaika, jamani, ni mbuzi. Na nikacheka. Nchi nzima inalia, mimi nacheka chini ya kaunta. Niliuma kitambaa cha kufutia kioo mpaka kicheko kikageuka kitu kingine.

Kwenye ule ukurasa wa gazeti palikuwa na kisanduku kimoja kitupu, chenye jina tu. Mama Mashine alikuwa amekataa.

*

"Sina nyingine, dada yangu," baba alimwambia hatimaye, siku ile alipoigeuza picha kifudifudi.

Mama Mashine alitueleza, kwa ile sauti yake mpya iliyokatwa miguu, kwamba siku ya maombolezo ya taifa wataweka ubao mkubwa uwanjani wenye picha za watoto wote, na wa kwake hawezi kusimamishwa mbele ya nchi amefumba macho, mdomo wazi, jino nje. Mtoto wake alikuwa na haya. Yeye aliyemzaa hajawahi kumwona akicheka namna hiyo, hata nyumbani, hata akiwa mdogo. Aliyeko kwenye picha ile hamjui. Alisema anataka mtoto wake amtazame, basi, si kitu kikubwa.

Baba akamwambia arudi kesho.

Alipoondoka, baba aliniketisha kwenye stuli. Aliisogeza taa mpaka kivuli cha pua yangu kikaangukia pale pale kilipoangukia cha Kifuniko.

"Tulia," alisema. "Na usicheke."

Nilijua anachotaka kufanya kabla hajanieleza, na sikukataa. Maisha yangu yote sikuwa nimeweza kukaa mbele ya kamera ile bila kuharibu. Tuna albamu nzima ya ndimi zangu. Siku hiyo niliitazama lenzi, nayo ikanitazama, na hakuna aliyecheka.

Aliisafisha picha yangu, akaikuza, akaikata kwa wembe. Macho yangu na mdomo wangu akavibandika juu ya uso wa Kifuniko. Akafuta maungio kwa brashi yenye nywele za kuhesabika, akishikilia pumzi, kisha akaupiga picha upya ule uso wa kuunganisha. Hakuniangalia hata mara moja. Ilipoibuka kwenye beseni, chini ya taa nyekundu, alikuwepo msichana mtulivu, midomo imefungwa, anatazama mbele. Kilichobaki cha Kifuniko kilikuwa paji la uso, masikio na kola. Na kola, tukisema ukweli, ilikuwa yangu pia.

Mama Mashine alipoiona aliketi. Alimshukuru baba. Akanishukuru na mimi, akanishika kidevu, akaniambia nimsalimie mama. Hakuona kitu. Alitaka kutazamwa, na alikuwa anatazamwa.

Siku ya maombolezo tuliangalia televisheni kwa jirani, watu wamebanana mpaka mlangoni. Kamera ilipita polepole juu ya ule ubao. Watoto wa miji mingine walikuwa wamekaza nyuso, kama inavyotakiwa. Ilipofika shule yetu, ghafla safu nzima inacheka, na chumba kikaguna kwa uchungu. Katikati yao alikuwepo mmoja asiyecheka. Nilikuwa mimi, pale juu, mbele ya taifa, nimevaa masikio ya marehemu. Mama alikuwa amenishika bega na hakushtuka. Nilimwangalia jirani, nikamwangalia shangazi. Nilitamani sana mtu anyooshe kidole aseme, mbona huyu ni Kasuku. Walikuwa wanafuta machozi, na picha ikapita.

Tangu hapo sikuigiza mtu. Shule ilipofunguliwa walimu walisema nimekua, wakanipa ukiranja wa nidhamu, mimi. Studio nilisimama nyuma ya bega la baba mikono mfukoni, na wateja wakaanza kutoka kwenye picha wakiwa wamenuna. Baba hakulalamika.

*

Mama Mashine alirudi mvua zilipoanza. Mashine yake ilikuwa inanguruma tena na kope zilikuwa na unga. Alitoa picha kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka kwenye kaunta, safari hii uso juu. Baba alikuwa chumba cha giza, nyuma ya pazia. Nilikuwa peke yangu.

"Kila jioni naongea naye," alisema. "Yule wangu nikiongea naye ananiangalia kidogo, halafu anaangalia pembeni. Huyu haangalii pembeni." Alinikazia macho. "Juzi umekuja mashineni na ndoo ya mahindi. Nikakwambia uiweke chini. Ukaniangalia."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Mmoja ulikuwa juu ya kaunta, mwingine juu ya shingo, na zote mbili alikuwa ameshaziona.

"Gauni lilikuwa langu," nilisema. Sijui kwa nini nilianzia huko. Nilitapika yote kwa mkupuo: noti ya juu, vidole vya miguu, mwalimu aliyezunguka madarasani na gauni, kwamba ningekaa kimya kama watu wengine yeye angekuwa na mtoto nyumbani.

Alisubiri nimalize.

"Najua," alisema. "Pindo nililishusha mwenyewe. Alikuwa mrefu kuliko wewe."

Hakuongeza neno. Nilidhani ataongeza, mtu akisema jambo kama hilo unategemea litafuatwa na jingine, la kukuumiza au la kukuponya. Nimemaliza shule, baba ameshafunga studio kwa sababu kila mtu sasa ana kamera mfukoni, na Mama Mashine nakutana naye sokoni na kusalimiana naye. Hilo neno la pili bado halijaja. Nimeacha kulisubiri siku nyingi, isipokuwa siku ninazolisubiri.

Aliomba ile picha ya kwanza. Niliitoa kwenye droo nikampa. Aliitazama kwa muda mrefu. Alipitisha ukucha kandokando ya lile jino bila kuligusa.

"Alikuwa anacheka nini?"

Ningeweza kumdanganya. Kikohozi kilikuwepo, mbuzi alikuwepo. Wazazi wengine wote niliwaachia malaika wao, na mpaka leo sijui kama ulikuwa wema au uoga.

"Wewe," nilisema.

"Mimi nimefanya nini?"

"Nilikuigiza wewe, mama. Ukinong'ona."

Nyuma yangu pazia lilikuwa limetulia, kwa ule utulivu wa pazia lenye mtu nyuma yake. Mama Mashine aliilaza picha kifuani, akaivuta stuli, akaketi wima, magoti pamoja, kama mtu aliyekuja kupigwa pasipoti.

"Fanya," alisema.

Nilijifuta kope kwa mgongo wa mkono. Nikapuliza mizani. Nikaweka kiganja kando ya mdomo, na nilipofungua kinywa ikatoka sauti ndogo, yenye mitetemo, ya mtu anayenong'ona kweli. Nakwambia wewe tu. Ilikuwa mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilisimama pale na kiganja changu, nikisubiri kofi au kilio.

Mama Mashine alitikisa kichwa.

"Sivyo," alisema. "Kwanza huwa naangalia kama kuna mtu." Akageuka kwenye stuli akaonyesha, bega hili, halafu bega lile, bila haraka, kwa umakini wote wa mtu mwenye siri. Nilikuwa nimemtazama mwanamke huyu miaka mingi kwa nia ya kumwiba, na hilo sikuwahi kuliona. "Halafu ndiyo nasema. Na nasema kwa nguvu, maana mwanangu anakuwa upande wa pili wa injini, hasikii."

Akajiweka sawa.

"Anza tena."

Nikaangalia bega hili, halafu bega lile. Nikavuta pumzi.